Anayetaka Kuacha Pombe Lushoto Abishe Hodi Wapi?

Katika milima ya Usambara hakuna mtu anayepotea njia ya kwendea pombe. Mgeni aliyeteremka basi sasa hivi akitokea Mombo anaweza kuonyeshwa kilabu kabla hajauliza mahali pa kulala. Kuanzia Soni mpaka Mlalo, na kuanzia Bumbuli mpaka Mtae, pombe ya miwa ina nyumba zake na wateja wake, na siku ya gulio hakuna anayehitaji kuelekezwa. Bia ya chupa nayo ina mabango yake barabarani. Lakini mtu huyo huyo akiamka kesho asubuhi na kusema kwamba amechoka, kwamba anataka kuacha, na kwamba anawatafuta wenzake walioacha ili aketi nao awasikilize, nani kati yetu awezaye kumwonyesha mlango wa kubisha hodi?

Swali hilo tunawauliza hasa walimu na watumishi wa umma, na tunayo sababu. Wao ndio wenye funguo za madarasa, za zahanati, za maktaba na za ofisi za kata. Wao ndio wanaoandika barua za maonyo, na aghalabu wao ndio wanaoandikiwa. Ikiwa wao hawana jibu, basi mkulima wa Shume au wa Mgwashi atalipata kwa nani?

Maoni yetu ni haya, na tunayasema bila kuzungusha maneno. Kila kata ya milima hii yapasa iwe na mahali panapojulikana, penye siku na saa inayojulikana, ambapo watu wanaotaka kuacha pombe hukutana wao kwa wao. Wajibu wa kuwapatia mahali hapo ni wetu. Wajibu wa kuuendesha mkutano ni wao. Mambo haya mawili yasichanganywe, kwa maana yakichanganywa shughuli nzima itaharibika, na tutaeleza kwa nini.

SIRI ILIYOGEUZWA JUU CHINI

Wapo wasemao kwamba jambo hili haliwezekani katika mji mdogo kama Lushoto, ambako kila mtu anamjua mwenzake, na ambako atakayeonekana akiingia katika mkutano wa namna hiyo atasemwa kabla jua halijatua. Hoja hiyo inasikika kuwa ya busara. Tuitazame basi kwa makini.

Ni kitu gani hasa kinachofichwa? Ulevi wa mtu katika mji mdogo haufichiki. Soko zima linaujua. Wanafunzi wa darasa la tatu wanamjua mwalimu anayenuka pombe asubuhi, nao huambizana. Karani anayechelewa kila Jumatatu anajulikana na mfagiaji, anajulikana na mkuu wa idara, na anajulikana na mwenye duka anayemkopesha. Kinachofichwa si ulevi. Kinachofichwa ni ile nia ya kuacha. Mtu hunywa hadharani kwa miaka kumi bila kuona haya, kisha siku anapotaka kuacha ndipo anapoanza kujificha, kwa kuwa anaogopa kuchekwa akishindwa, na anaogopa kwamba kukiri ugonjwa wake kutageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Jamii inayomwacha mtu aanguke mbele ya watu wote lakini ikamlazimisha kusimama gizani imegeuza mambo juu chini. Hilo ndilo la kurekebishwa kwanza. Wala halirekebishwi kwa hotuba. Linarekebishwa kwa kuipa ile nia ya kuacha mahali pake, kama vile unywaji ulivyokwisha kupata mahali pake.

FIMBO TUNAYO, DAWA IKO WAPI?

Katika kupambana na ulevi nchi yetu haikosi historia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizitaja nguvu za watu zinazopotea bure katika ulevi kuwa ni hazina ambayo taifa linainyimwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1966, ilipitishwa sheria juu ya pombe ya moshi, na tangu zama hizo gongo limekuwa likisakwa, likimwagwa, na wapishi wake wakipelekwa mahakamani. Tarehe 1 Machi mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki, ile iliyoitwa viroba, ambayo hata mtoto wa shule aliweza kuinunua na kuificha katika soksi. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kabisa, na aliyeipinga alikuwa akitetea mfuko wake.

Kwa upande wa utumishi, kanuni zimeuhesabu ulevi kazini kuwa ni kosa la nidhamu. Mwalimu anayo Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na mashauri yake yana ngazi zake za kusikilizwa na za kukata rufaa. Hatusemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Mtoto wa mkulima hakupelekwa shule ili akamtazame mwalimu aliyesinzia juu ya meza, na mwananchi anayesubiri hati yake hana deni la kuuvumilia ulevi wa karani.

Hata hivyo, yote hayo ni fimbo. Fimbo huweza kumzuia asiyeanza, na humtisha aliyeanza juzi. Yule ambaye mwili wake umekwisha kuifanya pombe kuwa sehemu ya damu yake, fimbo humfanya anywe kwa kujificha, basi. Utamwonya mara ya kwanza, utamwonya mara ya pili, mara ya tatu utamfukuza, na siku ya kufukuzwa atakwenda wapi? Atakwenda mahali pekee ambapo bado anakaribishwa kwa jina lake, nako ni kilabuni. Hapo taifa litakuwa limempoteza mwalimu liliyemsomesha kwa jasho la wakulima, na pombe itakuwa imempata mteja wa kudumu.

Hapa hatuna budi kuyasema mambo mengine mawili ya haki.

La kwanza ni kwamba ndimi zetu zina upendeleo. Mkulima akinywa boha kwa kata, huitwa mlevi. Mkubwa akinywa chupa sita chini ya mwamvuli wa hoteli, husemwa kwamba anaburudika baada ya kazi. Ugonjwa huu hautazami chombo. Ini halijui cheo cha mwenye nalo. Na ubaya wa kumheshimu mlevi wa chupa ni kwamba yeye huchelewa zaidi kutafuta msaada, kwa maana wote wanaomzunguka, pamoja na walio chini yake kazini, wanamhakikishia kwamba hana ugonjwa.

La pili ni kwamba kwa upande wa heroini nchi yetu imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kufuata njia nyingine. Mwaka 2011 ilifunguliwa kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Muhimbili, na baadaye kliniki kama hizo zikafunguliwa kwingine. Zanzibar, tangu mwaka 2009, zimekuwapo nyumba za kuwasaidia waraibu kupata nafuu, maarufu kwa jina la soba hausi, zikiendeshwa na watu ambao wenyewe walitoka katika utumwa huo. Basi kama mtumiaji wa heroini amekwisha kutambuliwa kuwa ni mgonjwa anayestahili tiba, kwa mantiki gani mtumwa wa pombe abaki kuwa mkosaji wa nidhamu tu? Je, ni kwa sababu pombe inalipiwa ushuru?

UGONJWA UNA TARATIBU ZAKE

Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe katika orodha ya magonjwa. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo vya watu milioni 2.6 duniani. Huku kwetu milimani ugonjwa huu umevishwa nguo ya udhuru. Husemwa kwamba ukungu wa Magamba na baridi ya Lukozi vinamlazimisha mtu anywe apate joto. Elimu ya mwili yasema kinyume cha hayo. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akajihisi ana joto, ilhali joto lenyewe ndilo linalotoka mwilini na kupotea. Mlevi aliyelala njiani usiku wa Julai yuko katika hatari kubwa ya baridi kuliko mwenzake ambaye hakunywa.

Liko jambo lingine ambalo kila mwalimu na kila mtumishi anapaswa kulijua, kwa kuwa kutolijua huua. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiambiwe aache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika saa za mwanzo atatetemeka mikono, atatokwa jasho, atakosa usingizi. Wengine huanguka kama wenye kifafa. Wengine, siku ya pili au ya tatu, huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na hali hiyo isipotibiwa huweza kuwa mauti. Jamaa huona ajabu hilo wakadhani amerogwa, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji, ilhali hospitali inazo dawa za kuituliza hali hiyo, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa mlevi mzito ni wa mganga wa hospitali au kituo cha afya, na hapana aibu ndani yake.

Tena, milima hii si mgeni wa kazi ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo. Kule Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 kuwalea watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 pamekuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, ambao hushiriki kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba yao. Kule Moshi, katika Hospitali ya KCMC, umefanyiwa utafiti mpango uitwao Punguza Pombe kwa Afya Yako, ambao humfikia majeruhi angali kitandani na kuzungumza naye kwa upole juu ya unywaji wake, katika saa ambayo yeye mwenyewe ameona madhara yake.

Lakini hospitali ina mwisho wake. Mgonjwa hulala siku kadhaa, hutulia, kisha hurudi nyumbani. Akirudi hukuta kilabu kiko pale pale, rafiki ni wale wale, na jioni ni ile ile ndefu. Atakayemshika mkono jioni hiyo si daktari. Ni mtu mwingine aliyewahi kuwa kama yeye. Hapo ndipo mkutano unapohitajika.

MKUTANO WENYEWE NI NINI?

Mwezi Mei mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, alifika mfanyabiashara mmoja kutoka New York aliyeitwa Bill Wilson. Alikuwa mlevi aliyeacha kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka ilishindikana, na akiwa peke yake hotelini akisikia vicheko vya watu baani, aliona kwamba anakaribia kuanguka tena. Akakumbuka kwamba kilichomsaidia siku zilizopita ni kuzungumza na walevi wenzake. Ndipo alipoanza kupiga simu kwa viongozi wa makanisa ya mji ule asioujua, akiuliza ni wapi atampata mlevi mmoja wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa inaimaliza kazi yake. Wakaketi, wakazungumza kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo daktari yule aliacha kabisa, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa umoja wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ambao leo una vikundi katika nchi zipatazo 180.

Tumeisimulia habari hiyo kwa sababu moja. Aliyeanzisha mikutano hii alikuwa mtu anayeutafuta mkutano usiokuwapo. Hakuunda kamati. Hakuandika mradi wala kumngoja mfadhili. Alimtafuta mtu wa pili, wakawa wawili, na wawili hao wakawa mkutano.

Taratibu zake ni nyepesi kuzieleza. Sharti la kuingia ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Hakuna kiingilio. Hakuna mkubwa: leo huongoza huyu, kesho huongoza yule. Jina la mtu na aliyoyasema havitoki nje ya chumba. Kila mmoja husema habari zake mwenyewe, hamhubirii mwenzake. Gharama ndogo za chai na taa hutoka mifukoni mwao wenyewe, na misaada ya watu wa nje hukataliwa. Sisi tuliolelewa katika siasa ya kujitegemea hatuna haja ya kufundishwa maana ya utaratibu huo. Kikundi kisichopokea fedha ya mtu hakimwogopi mtu. Iko pia mikutano ya namna hiyo kwa wake, waume na watoto wa walevi, iliyoanza rasmi mwaka 1951, kwa sababu ugonjwa wa mmoja huiumiza nyumba nzima.

Je, inafaa kitu? Mwaka 2020 watafiti wa mfululizo wa mapitio ya Cochrane, unaoheshimiwa sana na madaktari, walizikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Waliona kwamba tiba inayomwongoza mgonjwa kuingia katika mikutano hiyo iliwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kwa mwaka mzima kuliko tiba nyingine za mazungumzo zilizolinganishwa nayo. Si dawa ya kila mtu, wala hakuna dawa ya kila mtu. Lakini ni dawa isiyohitaji bajeti.

SI MAMBO YA KIZUNGU

Tunajua wako wanaokwisha kutayarisha jibu, kwamba haya ni mambo ya kigeni yasiyofaa kwetu. Wakumbuke kwamba mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili wa nchi hii waliketi katika vikundi vidogo vidogo, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu na kujadiliana juu ya maradhi yao wenyewe. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi hiyo. Baada ya kuzungumza waliinuka, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Watu wachache kuketi duara, wakayasema matatizo yao na kuamua la kufanya, ni desturi tuliyoitumia kwa nchi nzima.

Wakumbuke pia UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi mgonjwa alifichwa chumba cha uani mpaka akafa. Kilichovunja aibu ile hakikuwa mabango peke yake. Walikuwa watu wenye virusi waliokubali kukutana, wakaunda vikundi vyao, na leo katika kliniki zetu mgonjwa mpya huweza kupokelewa na mgonjwa wa zamani anayemwambia, "Hata mimi nilifika hapa nikitetemeka." Kama tuliweza kwa virusi, tutashindwaje kwa chupa?

Na wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili yanayofaa kukumbukwa: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Kwao afya ya nchi haikuwa shauri la mtu mmoja ndani ya nyumba yake. Mvua, mavuno, amani na uzima wa watu vilihesabiwa pamoja, na kiongozi alipimwa kwa hayo. Anayesema leo kwamba ulevi wa jirani ni shauri lake mwenyewe hasemi kwa ulimi wa milima hii.

Liko pia swali la dini. Lushoto ni nchi ya misikiti na makanisa, na viongozi wake wamefanya kazi kubwa ya kuukemea ulevi. Hatuwapunguzii heshima hata chembe. Lakini Mwislamu anayekunywa kwa siri, msikiti ndio mahali anapoogopa zaidi kujulikana, na mzee wa kanisa anayekunywa anaogopa vivyo hivyo. Mimbari husema, na msikilizaji hunyamaza. Mtu huyu anahitaji mahali ambapo yeye ndiye atakayesema. Wanaodhani kwamba mkutano utashindana na imani wavuke bahari mpaka Zanzibar, ambako karibu wote ni Waislamu. Humo ndani ya soba hausi zinatumika hatua kumi na mbili zile zile zilizotokana na kazi ya watu wa Akron, na kila mtu humwomba Mola wake kama anavyomjua. Huko Geneva nako, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha umoja wa Msalaba wa Buluu tangu mwaka 1877, kwa ajili ya walevi hao hao. Waislamu, kwa upande wao, wanajua kwamba hata katazo la ulevi halikushuka kwa siku moja. Lilikuja kwa hatua. Aliyewaumba watu aliujua udhaifu wao.

KAZI YETU NI IPI?

Kazi ya mtumishi na mwalimu katika jambo hili ni ndogo, na ugumu wake ni kwamba inataka tuache tabia tunayoipenda, yaani tabia ya kuongoza kila kitu.

Kwanza, tutoe chumba. Darasa baada ya masomo, chumba cha zahanati, kituo cha walimu, ukumbi mdogo wa maktaba. Pasiwe ofisi ya mtendaji wala chumba cha mashauri ya nidhamu, kwa kuwa hakuna atakayekwenda kujisema mahali anaposhitakiwa. Saa iwe ya jioni mapema, ile saa ambayo miguu imezoea kuelekea kilabuni, na isibadilishwe ovyo.

Pili, tubandike tangazo la mistari miwili kwenye ukuta wa zahanati na wa ofisi ya elimu: siku, saa na mahali. Basi. Muuguzi, afisa ustawi wa jamii, mwalimu mkuu, shehe na mchungaji wakumbuke siku hiyo kwa kichwa, ili anayeuliza asiambiwe aje kesho.

Tatu, na hili ndilo gumu, tusiingie ndani. Pasiwe na daftari la mahudhurio, pasiwe na mgeni rasmi, pasiwe na picha, pasiwe na taarifa ya robo mwaka. Siku atakapotumwa mtu kuandika majina ya waliohudhuria, hiyo ndiyo siku mkutano utakapokufa, na hautafufuka. Mtumishi ambaye naye ana shida hiyo aingie kama mwanachama, avue cheo mlangoni.

Nne, wakuu wa idara watenganishe mambo mawili. Anayelewa kazini awajibike kwa kosa lake. Lakini anayekuja kwa hiari kuomba ruhusa ya kutibiwa, maombi yake yasigeuzwe kuwa ukurasa wa kwanza wa jalada la mashtaka. Tayari katika utumishi wa umma upo mwongozo wa kudhibiti UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukizwa mahali pa kazi, na pombe ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya magonjwa hayo. Asiyejua pa kuanzia aanzie hapo.

Tano, tusiwasahau akina mama wapikao pombe. Wengi wao husomesha watoto kwa fedha hiyo, nao ndio wanaowafahamu walevi kwa majina. Kuwamwagia vyombo bila kuwapa njia nyingine ya kuishi ni kuhamisha kilabu kutoka bondeni na kukipeleka msituni. Kikundi cha kuweka na kukopa kikianza nao, huenda baadhi yao wakawa wa kwanza kumwambia mteja, "Ndugu yangu, leo usinywe hapa, pita kule shuleni."

Na yule asiyeweza kungoja, ambaye anasoma maneno haya huku mikono ikimtetemeka, aanze leo kwa njia zilizopo. Aende kwa mganga aseme kweli kiasi anachokunywa. Ikiwa anayo simu, tangu mwaka 2020 mikutano mingi ya Alcoholics Anonymous imekuwa ikifanyika pia kwa njia ya intaneti, na mtu aliyeko Mlola aweza kuisikiliza akiwa amefunga mlango wake. Kisha amtafute mtu wa pili. Katika kijiji chake hakosekani. Pengine anamjua tangu zamani, kwa kuwa walikuwa wakiketi benchi moja kilabuni.

Ndugu walimu, ndugu watumishi: hatuombi fedha, wala hatuombi sheria mpya. Tunaomba ufunguo wa chumba kimoja, saa moja kwa wiki, na midomo iliyofungwa. Mwenzako akikujia Jumatatu na kukuuliza kwa sauti ya chini ni wapi wanapokutana wale walioacha, uwe na jibu la kumpa. Kumjibu "sijui" ni kumrudisha kilabuni.